Kirotshe: Aliyesema mapema asishushiwe kiwango cha mkopo

Huko Kirotshe, katika wilaya ya Masisi, mtu mwenye kadi ya mkopo ya banki ni wa kutafutwa kwa tochi. Hata hivyo, shida inayowasumbua wenye kadi katika miji ya Ulaya na Marekani inajulikana vizuri kwa wamama wa soko wanaouza sambaza, maharagi na ndizi kwenye barabara ya Sake na Minova. Mtu amezoea kukopeshwa mpaka dola 100. Siku moja anakwenda kuomba, anaambiwa mwisho wake sasa ni dola 40. Hakuiba, hakukataa deni, na bado ameshushwa.

Pigo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mchuuzi anayekwenda Goma kununua bidhaa analipa nauli ileile akiwa na dola 100 au 40. Anapoteza siku ileile, na kwenye vizuizi vya njiani hakuna anayemhurumia kwa sababu mzigo wake ni mdogo. Kiwango kikishuka, faida inaliwa na njia. Baada ya safari mbili tatu, mtu aliyekuwa na biashara anabaki na meza tupu.

Kwa hiyo inafaa kuuliza mambo mawili. La kwanza linamhusu mkopaji: ni desturi gani zinazolinda kiwango chake? La pili linawahusu wanaokopesha, hasa makundi ya akiba ya vijijini: ni haki kumshusha mtu ambaye barabara ilifungwa na vita, kama vile anavyoshushwa aliyekula pesa akajificha? Jibu la swali la pili ni hapana, na makundi yanapaswa kuliandika jibu hilo katika sheria zao.

Daftari la mwenye depo

Mkopo wa zamani zaidi hauna fomu wala riba ya wazi. Ni daftari la mwenye depo. Mchuuzi anachukua katoni za sabuni, chumvi au mafuta, anaahidi kulipa siku ya soko linalofuata, na jina lake linaandikwa. Mwenye depo hana mashine ya kumpima mtu. Anapima kwa macho na kwa kumbukumbu.

Anaangalia kwanza kama pesa inarudi siku iliyotajwa. Anayelipa sehemu siku hiyo na kusema salio atalileta lini, bado yumo. Anayepita upande wa pili wa barabara ili asionekane ameshajitoa mwenyewe, hata kama wiki inayofuata atalipa yote. Wafanyabiashara wanaongea. Aliyechukua bidhaa kwa mmoja kwa deni, akaziuza, kisha akaipeleka pesa hiyo kwa mwingine ili apate mzigo mpya, habari yake inafika kabla yake.

Kuna pia kosa la kukopa mpaka mwisho kila mara. Mchuuzi anayeruhusiwa katoni 10 na kuchukua 10 kila wiki anamwambia mwenye depo, bila kufungua mdomo, kwamba hana chochote cha kwake. Anayechukua 6 au 7 na kununua nyingine kwa pesa taslimu anaonyesha kwamba biashara yake inasimama kwa miguu yake. Siku ya shida, huyo ndiye anayeweza kuomba zile 10 na kupewa.

Hesabu ya kisanduku

Mahali pa pili ni AVEC, yaani kundi la kijiji la akiba na mkopo. Mtindo huo ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na leo uko katika nchi nyingi za Afrika. Kundi lina watu 15 mpaka 25 au 30. Wanakutana kila wiki au kila wiki mbili, kila mmoja ananunua hisa moja mpaka tano, na hisa zinapigwa mhuri katika kitabu chake. Pesa inalala katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, wanagawana akiba na faida.

Katika makundi mengi mwanachama anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Hapo ndipo desturi ndogo inapogeuka kuwa kiwango. Chukua mfano wa kundi ambalo hisa moja ni faranga 2,000. Mama anayenunua hisa tano kila wiki ana akiba ya faranga 120,000 baada ya wiki 12, na mwisho wa mkopo wake ni 360,000. Jirani yake anayenunua hisa moja kila wiki ana 24,000, na mwisho wake ni 72,000. Hakuna aliyempendelea yule wa kwanza. Mihuri ndiyo iliyosema.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wanachama wengi wanausahau. Kama kundi lina watu 25, na wote wamenunua hisa tano kila wiki, kisanduku kina faranga 3,000,000. Kama wote wakiomba mara tatu ya akiba yao siku moja, wanataka 9,000,000. Pesa hiyo haipo. Mara tatu ni mwisho wa kuruhusiwa, si haki ya kila mtu kila siku. Mwezi wa tisa, wazazi wanapotafuta pesa za shule ya sekondari, na mwezi wa kumi na mbili, kila mtu anapotafuta bidhaa za sikukuu, komite inalazimika kupunguza. Mwenye akili anaomba mapema kabla ya miezi hiyo, au anapanga deni lake liishe kabla haijafika.

Kuna desturi nyingine tatu zinazolinda kiwango ndani ya kundi.

Ya kwanza ni kufika kwenye mkutano hata siku ambayo mtu hana pesa. Kiti kitupu kinasomwa vibaya kuliko mkono mtupu. Anayefika na kununua hisa moja badala ya tano anajulikana ana wiki mbaya. Asiyefika hajulikani ana nini, na watu hujaza pengo hilo kwa maneno yao.

Ya pili ni kutenganisha biashara na msiba. Makundi mengi yana mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa, kifo na majanga, tofauti na pesa za mikopo. Mtu akichukua mkopo wa biashara akaulipia hospitali, hakuna bidhaa itakayozaa pesa ya kulipa. Ni heri aombe mfuko huo kwanza, hata ukimpa kidogo, na aache kiwango chake cha mkopo kwa kazi inayoleta faida.

Ya tatu ni ngumu kusema, lakini lazima isemwe: kukopa kwa jina lako pesa ambazo mtu mwingine atazitumia. Mara nyingi mtu huyo ni shemeji, rafiki, au mume ambaye hayumo ndani ya kundi na hajawahi kukaa mbele ya komite. Siku ya kulipa anakuwa safarini. Jina linalochafuka ni la mwanamke, kiwango kinachoshuka ni chake, na mwaka unaofuata ni yeye anayekosa mtaji. Mume anayetaka mkopo wa kundi aingie kwenye kundi, au akae na mke wake na komite wapange malipo mbele ya wote. Kusema hivyo si kuvunja nyumba. Nyumba nyingi zinavunjwa na deni ambalo mmoja alilijua na mwingine akalilipa.

Wenye kadi nao wanashushwa

Familia nyingi za Masisi zina ndugu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Uganda, Rwanda, Burundi au Tanzania. Wengi wao leo wana kadi ya mkopo, na hali yao inafundisha kitu. Huko banki inaweza kupunguza kiwango cha kadi hata kwa mtu anayelipa vizuri, ikiona hatari imeongezeka. Zilifanya hivyo kwa wingi wakati wa msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 na 2009, kisha tena mwaka 2020 wakati wa korona.

Katika alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi wa Marekani wanazitumia kumpima mtu, historia ya kulipa ina uzito wa 35%, na kiasi cha deni alilo nalo kina uzito wa 30%. Ndiyo maana kushushwa kunazaa kushushwa. Mwenye kadi ya dola 2,000 anayedaiwa 900 ametumia 45% ya kiwango chake. Banki ikikishusha mpaka 1,000, deni ni lilelile la 900, lakini sasa ametumia 90%. Anaonekana amezama, ingawa hakununua hata mkate. Mkopeshaji mwingine akiliona hilo, naye anaogopa.

Washauri wa huko wanawaambia watu mambo ambayo mama wa soko wa Kirotshe angeyatambua: lipa kabla ya siku, usitumie kiwango chote, usiiache kadi ilale miezi mingi bila kazi, na kipato kikibadilika, toa habari. Kadi inayolala inafanana na mwanachama asiyefika mkutanoni. Mkopeshaji anaanza kuuliza kama bado yupo.

Simu haisikii maelezo

Mkopeshaji wa tatu ni simu. Afrika Mashariki imekwenda mbali katika njia hii. Nchini Kenya, M-Shwari ilianza mwaka 2012, na kiwango cha mteja kinategemea jinsi anavyotumia laini yake, anavyoweka akiba na anavyolipa. Mfuko wa serikali unaoitwa Hustler Fund, uliozinduliwa na Rais William Ruto tarehe 30 Novemba 2022, ulianza na mikopo ya shilingi 500 mpaka 50,000 za Kenya, ya kulipwa ndani ya siku 14. Anayelipa kwa wakati anapandishwa. Anayechelewa anasimama au anashuka.

Huku Kivu, kabine za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziko kila senta, na pale ambapo mkopo unapitia laini, kanuni ni ileile: mashine inasoma namba, haimsomi mtu. Haijui kwamba mtoto alilazwa katika hospitali kuu ya Kirotshe. Haijui kwamba risasi zililia usiku. Kwa hiyo desturi za kulinda kiwango cha simu ni za ukavu kidogo. Laini iandikishwe kwa jina la mwenyewe, si la kaka wala la mwenye kabine. Simu ikipotea njiani, mtu atafute kurudishiwa namba ileile badala ya kununua laini mpya, kwa sababu historia yake iko kwenye namba. Na asilipe deni la simu kwa deni la simu nyingine. Mchezo huo unaonekana mzuri kwa mwezi mmoja tu.

Ubaya wa simu unaonyesha uzuri wa kundi. Komite ina masikio. Kama haiyatumii, haina tofauti na mashine.

Barabara ilipofungwa

Hapo ndipo swali la haki linapoanza. Mwezi wa pili 2024 mapigano yalifika Shasha, na barabara ya Sake na Minova, ambayo Kirotshe iko juu yake, ikakatika. Mazao yaliyokuwa yakipanda lori kwenda Goma yakatafuta njia ya ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, na makumi ya watu wakafa. Mwezi wa kwanza 2025 Minova, Sake na kisha Goma ziliingia mikononi mwa AFC/M23. Banki za Goma zikafunga milango. Mwezi wa nne waasi walifungua tena CADECO, lakini ugumu wa kupata pesa taslimu uliendelea. Mtu angeweza kuwa na dola ndani ya simu na asipate wa kumpa noti bila kukatwa sana.

Katika hali hiyo, kuchelewa kulipa hakuonyeshi tabia ya mtu. Kunaonyesha hali ya barabara. Lakini daftari halina safu ya barabara. Lina safu mbili tu: amelipa, hajalipa. Mama aliyekimbia na watoto bila mzigo anaandikwa sawa na yule aliyeuza mzigo na kukaa kimya. Wote wawili wanarudi, wote wawili wanaambiwa kiwango kimeshuka. Matokeo ni kwamba mwaminifu anajifunza kuwa uaminifu haukumsaidia kitu. Hilo ni hasara kwa kundi kuliko deni lenyewe, kwa kuwa kisanduku kinaishi kwa imani hiyo.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema pia dawa ya deni ni kulipa. Yote ni kweli, lakini kabla ya kulipa kuna dawa ya kwanza, nayo ni kusema. Anayetuma neno kabla ya siku ya malipo, hata kwa kupitia mtoto wa jirani, ameliheshimu kundi. Kundi nalo limheshimu.

Kwa vitendo, makundi ya Kirotshe na vijiji vya jirani yangeweza kuongeza kanuni tatu katika sheria zao za ndani, mzunguko mpya unapoanza.

Kwanza, mwanachama anayetoa habari kabla ya siku ya kulipa aandikwe kwenye daftari, pamoja na sababu na tarehe mpya. Kiwango chake kisimame palepale: kisipande wala kisishuke mpaka amalize deni. Aliyenyamaza asiwe na kinga hiyo.

Pili, kumshushia mtu kiwango kusiamuliwe na mwenyekiti peke yake wala na komite pembeni. Kuamuliwe kwenye mkutano, kitabu chake kikiwa wazi, na aambiwe mambo mawili: kwa nini ameshushwa, na afanye nini ili apande tena. Adhabu isiyo na njia ya kurudi inafukuza watu.

Tatu, kama kisanduku kimepungua kwa sababu ya vita, kiwango kishuke kwa wote pamoja, kwa mfano kutoka mara tatu ya akiba mpaka mara mbili, kwa muda unaojulikana. Hapo hakuna anayeonekana mwizi, na hakuna anayependelewa.

Huruma na kisanduku

Kuna watakaosema kwamba huruma itamaliza kisanduku. Hofu hiyo ina msingi. Pesa iliyomo si ya shirika wala ya serikali. Ni ya mjane aliyeuza mihogo na ya kijana aliyebeba mizigo. Deni la mmoja likifutwa, ni jasho la wengine linalofutwa. Kila mtu wa Kivu anajua kundi la likelemba lililokufa kwa sababu wawili watatu walipokea zamu yao wakapotea.

Lakini kanuni hizo tatu hazifuti deni hata faranga moja. Zinaongeza muda na zinatenganisha aliyekwama na aliyekimbia deni. Riba ya siku za nyongeza inaweza kubaki au kuondolewa, kadiri mkutano utakavyoamua. Kinachokatazwa ni kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hakulifanya. Tena kundi linalomshusha mwaminifu linapata hasara ya pili: akipata pesa, hana haraka ya kulipa mahali ambapo hana tena cha kulinda. Mwenye kiwango cha kulinda analipa kwanza.

Mkopaji naye ana wajibu wake katika nchi ambayo watu wanaweza kuamka usiku na kukimbia. Kitabu cha hisa kikae pamoja na kadi ya mchaguzi, mahali ambapo mkono unafika hata gizani. Salio la kundi likisomwa mwisho wa mkutano, kila mtu alikariri, kama utaratibu wa AVEC unavyotaka, kwa sababu kisanduku kinaweza kupotea na daftari likaungua, wakabaki watu na kumbukumbu zao. Namba ya simu ya mweka hazina ijulikane kwa kichwa. Na kwenye mkopo wowote, sehemu ndogo ya kiwango iachwe bila kuguswa. Kiwango kilichobaki ni kama shimo la mihogo ambalo halijachimbwa: halionekani mezani, lakini siku ya njaa lipo.

Banki zitafunguliwa kikamilifu siku moja, na pengine kadi za mkopo zitafika mpaka kandokando ya ziwa. Zikifika, watakaojua kuzitumia ni wale waliojifunza kwenye kisanduku cha kufuli tatu: kulipa kidogo siku iliyosemwa, kutokopa mpaka mwisho, kutolikodisha jina, na kusema kabla ya kuulizwa. Makundi yasisubiri siku hiyo. Mkutano wa kwanza wa mzunguko unaofuata unatosha kuandika kwamba aliyesema mapema hashushwi.